Landrova Iliyolala Mbugani

Siku yangu ya kwanza kazini sikuendesha gari. Niliripoti asubuhi kwenye idara ya visima pale Shinyanga mjini, nimevaa shati lililopigwa pasi, leseni mfukoni, nikiamini nitakabidhiwa ufunguo. Afisa Usafirishaji, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akanionyesha landrova ya dizeli iliyoegeshwa bandani.

"Ingia chini yake," akasema.

"Ina tatizo gani, mkuu?"

"Haina tatizo. Hiyo ndiyo itakayokulaza porini, kwa hiyo ni vizuri mfahamiane mapema."

Nikalala chali kwenye vumbi na shati langu. Yeye akachuchumaa pembeni akinionyesha kwa fimbo: hii ni propela shafti, inapeleka nguvu nyuma, hii ni ya mbele, hizi ni springi, ukisikia zinalia usiongeze mwendo. Fimbo ikatulia kwenye bonge la chuma katikati ya ekseli. "Hii ni difu. Hakuna kitu cha gari hili kilicho karibu na ardhi kuliko hiki. Kisiki kitaanzia hapa. Tope litaanzia hapa."

Hata wakati ule gari lilikuwa limezeeka. Ninyi vijana wa leo mnabonyeza kitufe na gari linajipanga lenyewe. Sisi tulikuwa na virungu viwili kando ya gia. Cha njano ulikikandamiza ili magurudumu ya mbele nayo yavute. Chekundu ulikivuta nyuma, gari likiwa limesimama, ili kuingiza gia ndogo, ile ya nguvu nyingi na mwendo wa kobe. Kabla ya hapo ulitakiwa uwe umefunga habu, vile vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele, na ulizifunga kwa mkono. Dereva aliyesahau alipiga magoti kwenye tope.

Miaka ile tulizunguka na watu wa visima kuanzia vijiji vya upande wa Mwadui hadi kusini ya Tinde. Kiangazi shida ilikuwa mito ya mchanga. Hapo tulipunguza upepo kwenye matairi ili yatanuke, tukapita taratibu bila kukata kona kali. Masika shida ilikuwa mbuga, yaani ule udongo mweusi wa mabondeni. Ukikauka unapasuka nyufa za kumeza mguu. Ukilowa unashika tairi, unajaa chini ya bawa la gari, mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Hapo hata magurudumu manne hayakusaidii. Unashuka na panga, unakwangua, unasogea kidogo, unashuka tena.

Mhandisi wa Visima alikuwa mtu wa haraka, na kila safari swali lilikuwa moja.

"Dereva, tutafika?"

"Tutafika, mkuu. Ila usiniulize saa ngapi."

Ndivyo ujana wangu ulivyokwenda. Mke wangu alizoea kufua nguo ambazo hazikutakata. Mwanetu Mwajuma alipoanza kuongea, alidhani mimi ni mgeni anayekuja na harufu ya dizeli.

Baadaye landrova ile iliuzwa kwa mnada, ikanunuliwa na kampuni ndogo ya watafiti wa dhahabu huko Geita. Wakatafuta dereva aliyeijua, nami nikaifuata. Watu walinicheka kwamba nimeacha kazi ya serikali kwa ajili ya bati bovu. Ukweli ni kwamba sikujua kazi nyingine, na gari jipya lilinitia woga.

Kambi ilikuwa porini, na bosi wetu tulimwita Mkuu wa Kambi. Alikuwa mtu wa utaratibu, si mkatili. Kazi yangu ilikuwa kubeba mafundi wa kuchoronga miamba na mifuko ya udongo wa kupimwa. Jirani yetu walikuwapo wachimbaji wadogo, wenye maduara yao, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao ya dhahabu. Tulisalimiana nao, tukagawana maji.

Masika moja duara mojawapo lilititia. Kijana aliyeitwa Shija alitolewa akiwa amekwisha kufa. Kwao kulikuwa ng'ambo ya mbuga, kusini ya Tinde. Mama yake alipopata habari alipanda basi akaja, akafika kambini na wachimbaji wanne waliochimba na marehemu, kuomba gari.

Mkuu wa Kambi alinivuta pembeni. "Nakupa gari, lakini unaishia Tinde, kwenye lami. Ndugu watampokea pale. Mbugani usiingie. Tumeelewana, Baba Mwajuma?"

"Tumeelewana, mkuu."

Tuliweka jeneza nyuma, wale wanne wakakaa kandokando wakilishikilia. Mama Shija alikaa mbele nami. Njia nzima hakulia. Tulipofika Kahama aliniuliza kama nimekula. Tulipopita Isaka aliniuliza nina watoto wangapi. Nilimjibu, nikamwita mayu, kama tunavyowaita akina mama huku.

Tinde tuliwakuta ndugu wakingoja kando ya barabara. Walikuwa wameunganisha baiskeli mbili kwa miti na kamba za mkonge ili jeneza lilale juu yake. Mama Shija aliitazama ile miti. Hakunigeukia mimi. Aliwaambia wao.

"Mwanangu aliondoka nyumbani kwa baiskeli. Sitaki arudi kwa baiskeli amefungwa kamba kama gunia la pamba."

Mjomba wa marehemu alianza kufungua kamba, akaacha, akaanza kuzifunga tena. Kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine, nilijua watamfunga tu, na yule mama atatembea nyuma akitazama.

"Rudini ndani ya gari," nikawaambia wale wanne. "Mayu, panda."

Nilifunga habu palepale kwenye lami, watu wakinishangaa. Tulipofika ukingoni mwa mbuga nilishuka nikatembea, nikapima kwa mti. Juu palikuwa na ganda lililoshika, chini uji. Mawingu yalikuwa yanarudi. Nikaingiza gia ndogo, nikakwepa alama za magari yaliyotangulia, nikafuata majani, kwa sababu mizizi hubeba uzito kidogo. Landrova ilikwenda vizuri. Ilikwenda hata tukaona miti ya nyumbani kwao na moshi wa msibani. Halafu upande wa kushoto ukazama, difu ikakaa juu ya tope, na magurudumu yakabaki yanazunguka hewani.

Nilifanya yote niliyoyajua. Tulichimba kwa koleo, tukatandika matawi na mbao, nikapiga jeki, jeki yenyewe ikazama. Nilijaribu mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka klachi ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Wale wanne walisukuma wakachafuka hadi nyusi. Kila walipopumzika niliwaambia mara moja tu, jamani, mara moja tu.

Mama Shija alishuka, akaja dirishani kwangu. Tope lilimfika magotini.

"Baba, inatosha."

"Mayu, nipe muda kidogo. Itatoka."

"Mvua inarudi. Kaburi litajaa maji." Akaweka mkono juu ya mlango. "Umemleta. Hapa tayari ni kwetu. Watambeba."

Wanaume walikuwa wameshaanza kuja kutoka nyumbani, suruali zimekunjwa. Walilitoa jeneza wakaliweka mabegani, wakaondoka polepole, wakipokezana kila mmoja alipoteleza. Mimi nilibaki. Dereva haachi gari, hasa gari ambalo hakuruhusiwa kulifikisha hapo. Nilikaa kwenye usukani nikasikia nyimbo za maziko kwa mbali, mvua ikipiga bati. Nadhani hapo ndipo uchovu wangu ulipoanza, huu nilio nao mpaka leo. Nilikuwa nimevuka karibu mbuga yote, na pale palipotakiwa kweli sikuweza.

Alasiri, mvua ilipopungua, nilimwona mtu anakuja peke yake kwenye tope, amebeba kitu kichwani. Alikuwa Mama Shija. Alikuwa ametoka kumzika mwanawe. Akanipa ugali na maziwa ya mgando.

"Mayu, ungemtuma mtu."

"Nimtume nani? Wote wanalia."

Nilimega tonge, nikalishika mkononi. Akasimama palepale, akiegemea bawa la gari.

"Kula," akasema. "Huwezi kulala huku, tena na njaa."

Nikala. Sikuweza kumtazama. Nilipomaliza nikamwambia wabeja, asante kwa Kisukuma, naye akachukua vyombo vyake, akarudi msibani.

Kesho yake wanakijiji walileta maksai na minyororo, wakaitoa landrova kwa kuivuta kinyumenyume. Nilirudi Geita na klachi inayoteleza kila mlima. Mkuu wa Kambi alinikuta nje ya karakana.

"Nilikwambia uishie wapi?"

"Tinde, mkuu."

"Gari lililala wapi?"

"Mbugani."

Akalizunguka gari, akainama, akatazama chini. Nilingoja anifukuze. Akauliza kwa sauti ya chini, "Amezikwa?"

"Amezikwa."

"Kaoge," akasema. "Ila masika haya hushiki usukani tena." Na kweli, msimu ule niliumaliza nikiosha mifuko ya sampuli. Sikumlaumu. Gari lilikuwa moja, na kambi nzima ililitegemea.

Niliendesha miaka mingi baada ya hapo, chini ya mameneja ambao majina yao yananichanganya sasa. Kambi ilifungwa, kampuni ikanirudisha ofisi yake ya Shinyanga. Landrova yenyewe iliishia kuuzwa vipande vipande, na sikwenda kuangalia. Mgongo wangu umeharibika kwa mitikisiko, sikio la upande wa dirisha halisikii vizuri, na masika magoti hunisumbua kabla mvua haijafika. Vijana huniuliza gari gani lilikuwa bora kuliko yote. Siwezi kuwajibu. Wanataka hadithi za mito niliyovuka, nami zinazonijia ni zile sura za watu waliokaa kiti cha kando, kila mmoja akitazama mbele, akiniamini. Kule kuaminiwa ndiko kulikochosha. Tope ulikuwa unaoga linatoka.

Siku niliyostaafu, Afisa Usafirishaji wa kampuni, binti mpole wa umri wa Mwajuma, alipokea funguo kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kuniamkia. Akaniuliza kama nipelekwe nyumbani kwa gari la ofisi. Nikakataa, nikatoka hadi barabarani, nikasimamisha bajaji.

Dereva alikuwa mchangamfu. "Shikamoo, mzee. Tunakwenda wapi?"

"Marahaba. Ngokolo."

"Njia ya sokoni imechimbwa, ya huku ina madimbwi. Tupite wapi?"

Miaka yote mimi ndiye niliyeulizwa hivyo, na kila mara ilibidi nijue.

"Pita unapojua wewe, baba," nikamwambia. Nikaegemea nyuma, nikafumba macho.