Tonge la Mkono wa Kulia

Mama alipopigwa na kiharusi, upande wa kulia ndio uliopooza. Kwetu Bagamoyo mtu hali kwa mkono wa kushoto, na mama asingekula hivyo hata kwa njaa ya siku tatu. Basi akawa analishwa. Mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye aliyemlisha, tena kwa mapenzi yote, na kila tonge alilomtia mdomoni lilinichoma moyo.

Maana mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa akija nyumbani mara mbili kwa wiki, alishatuambia: mwacheni ahangaike mwenyewe, mkimfanyia kila kitu mnanilipa bure. Nilimweleza mama mdogo mpaka koo likanikauka. Akanijibu, "Mwanangu, huna huruma wewe." Labda sina.

Mlipaji alikuwa kaka yangu mkubwa, anayekaa Dar. Miezi minne alitoa bila kunung'unika, wa tano akapiga simu. Atakuja Jumamosi tule wote mchana. Akimwona mama anajilisha, ataendelea kulipa. Asipomwona, hela hiyo atamlipa msichana wa kumhudumia, tuache kudanganyana. Nilikasirika, ila nilishindwa kumlaumu. Ana watoto wanne shuleni. Na nilijua mama anaweza. Siku tatu mfululizo alikuwa amejilisha, kwa kumwaga na kwa kutetemeka, lakini amejilisha.

Jumamosi nikapika wali wa nazi na changu wa kukaanga. Kaka akanawa, akakaa mkekani mbele ya mama. Mama akautazama wali, mkono ukabaki mapajani. Nikambembeleza. Nikamkaripia, Mungu anisamehe. Wapi! Kaka akala, akanawa, akasema, "Mmeona wenyewe." Akaenda mlangoni kuvaa viatu.

Hapo mama mdogo akaanza kulia. "Nilimlisha saa tano," alisema. "Ameshiba. Sikutaka mwanawe amwone anajimwagia wali kama mtoto."

Nilimtolea maneno ambayo mtu hamwambii mama yake mdogo. Kaka akaniambia ninyamaze. Akamwinamia mama, akamuuliza kama ni kweli. Mama akafumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Kaka akavua viatu. "Basi nangoja njaa," akasema.

Tulikaa. Ikaadhiniwa alasiri, tukaswali kwa zamu, tukarudi mkekani. Mama mdogo nilimkalisha ubavuni kwangu, nimemshika mkono. Wali ulishapoa. Mwishowe mama akavishusha vidole vilivyokunjana vya mkono wa kulia ndani ya sahani, akakusanya, akainua. Nusu ikamwagikia kanga. Mkono ulipofika kidevuni ukasimama, ukitetemeka. Mama mdogo akataka kuniponyoka, nikambana. Mama akainamisha kichwa, akaufuata mkono wake mwenyewe. Tonge likaingia.

Alitafuna taratibu, macho kwa mwanawe. Kaka alikuwa amejifunika uso. Alipoufunua, aliniuliza mtaalamu anakuja siku gani.