Sauti ya Mama Ilivyorudi Kihambani

Kampuni ninayofanyia kazi hapa Moshi hununua kahawa kwa wakulima wadogo. Kwa miaka mingi taarifa zao zote, picha, mipaka ya mashamba, hata sauti zao wakikubali kusajiliwa, zilitunzwa kwenye kompyuta za watu huko Ulaya. Sheria ilipobana kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, ofisi ikaamua kuzirudisha nyumbani: za walio hai zihamishwe, za marehemu zifutwe. Kazi ya kutenganisha nikapewa mimi.

Mama alikuwa kwenye orodha ya kufutwa.

Nilifanya kosa la kumwambia baba. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, kule kwetu Mwika, anamkatia ng'ombe majani ya mgomba. Panga likasimama.

"Mama yako yuko Ulaya?"

"Sauti yake tu, baba."

"Namsalimia pale kaburini kila asubuhi, kumbe sauti iko ugenini."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Sisi Wachagga mtu wetu akifia mbali tunamfuata, tukamzike kihambani, shamba la nyumbani, katikati ya migomba yake. Nilipolikumbuka hilo niliona aibu.

Jumanne akatokea ofisini na koti lake la kanisani, mkononi ameshika jani la sale. Meneja wetu ni kijana wa Dar. Alimwamkia shikamoo vizuri tu, akalipokea jani kwa mikono miwili, kisha akalitia kwenye glasi ya maji kama ua la mezani. Ilibidi nimweleze kwamba sale ni ombi, na huku kwetu aliyeletewa sale hakatai, hata kama mmenuniana miaka.

"Unaomba nini, mzee?"

"Mke wangu. Kabla hamjamfuta, nirudishieni."

Meneja akakuna kichwa. Sheria hiyohiyo inamkataza kugawa taarifa za watu ovyo. Akapiga simu mbili, akarudi na fomu: mume ndiye mrithi wa shamba, anaweza kupewa. Baba akasaini polepole, ulimi nje. Nilimpenda sana pale.

Nikamwekea sauti kwenye simu yake. Mama alitaja jina lake, akasema amekubali. Halafu, akidhani wameshazima, akamwuliza karani: "Tumemaliza, mwanangu? Niwahi nyumbani. Mzee wangu hawezi kula ndizi zilizopoa."

Baba akarudia kuisikiliza, kisha akaitia simu mfuko wa ndani wa koti.

"Futeni ya kwenu sasa," akasema. "Ameshafika."

Nikaifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikamsindikiza stendi. Tulipokaribia gari la Mwika ndipo akasema, bila kunitazama, kwamba tangu mama afe ndizi anakula zilizopoa, za kuletewa na jirani, maana yeye kuwasha moto jikoni hajui.

Mimi bintiye, kila Jumapili nakwenda pale, nakula kanisani na wenzangu, nafika nimeshiba. Sikuwahi kumwuliza amekula nini.