Shemegi Alinidhulumu Karavani Zangu, Nikaichukua Ardhi Chini ya Miguu Yake

Asalaam alaykum admin na nyote mnaosoma hapa. Naomba jina langu lisitoke, na hawa nitakaowataja nimewabadilisha majina, maana watoto wao wamo humu humu. Mimi ni mjane wa miaka sabini na mbili, mzaliwa wa Unguja, nakaa Ibra, Omani. Nina kinyongo nilichokaa nacho miaka arobaini, na sikufichini, nakipenda.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini kampuni moja ya barabara ilimaliza kazi yake karibu na Ibra, ikaacha kambi nzima ya karavani, zile nyumba za bati zenye magurudumu walimokuwa wakilala mainjinia. Zilisimama safu safu, zimejaa vumbi, milango inajipiga kwa upepo. Watu wakipita wakizicheka. Mimi niliona nyumba. Walimu wa Kimisri na wa Kisudani walikuwa wakiletwa kila mwaka na hawana pa kukaa. Nikauza bangili zangu za harusi na mkufu wa marehemu mama, nikanunua karavani sita hapo hapo zilipo.

Nilizisugua kwa mikono yangu. Nikaziba mapaa, nikapaka rangi, nikashona mapazia kwa cherahani yangu. Mbili za mwanzo zilinunuliwa na walimu kabla rangi haijakauka. Nikanunua nyingine nne.

Tatizo langu lilikuwa Kiarabu. Msahafu nausoma, lakini karatasi za ofisini sikuzielewa. Kaka mkubwa wa mume wangu, nimwite Khalfan, ndiye aliyekuwa mjuzi wa mambo hayo. Akaja nyumbani, akakaa sebuleni anakula halua yangu.

"Bi shemegi, tia saini hapa nikakutolee ruhusa ya kuuza."

"Inasema nini?"

"Inasema wewe ndiye mwenye mali. Kwani huniamini?"

Nikatia saini. Wiki ya pili nilikwenda kambini na ndoo yangu ya rangi, nikakuta matofali matupu yaliyokuwa yakizishikilia karavani zangu. Mlinzi akaniambia, "Mwenyewe kazichukua, kazivuta mpaka Sur, pwani."

Nilimfuata Khalfan kwake, mume wangu akiwepo. Hakutahayari hata kidogo. "Waraka unasema umeniuzia, na saini ni yako. Nenda kashitaki kwa Kiswahili chako hicho, tuone nani atakusikiliza." Nikamgeukia mume wangu. Naye akanambia, "Usitie fitna baina yangu na ndugu yangu." Alifariki miaka mingi baadaye, bado akiniona mzushi.

Sikulia. Nilijiandikisha madarasa ya watu wazima, nikakaa miaka mitatu na wanawake walioolewa juzi juzi tu, mpaka karatasi ya Kiarabu ikawa hainishindi. Ya kwanza kuisoma ilikuwa nakala ya ule waraka wangu. Nimemuuzia, nimeridhika, sina dai lolote. Niliyasoma maneno hayo mpaka nikayahifadhi.

Kisha nikaanza kumchunguza. Khalfan alizipanga karavani kwenye uwanja nje ya Sur, akaongeza kuukuu nyingine, akawa anaziuza zikiwa pale pale, mnunuzi anahamia tu. Magurudumu aliyang'oa akayauza, akijua haziondoki tena. Lakini ardhi haikuwa yake. Ilikuwa ya bibi mmoja wa Tiwi, kijiji cha karibu na hapo, aliyemkodisha kwa mdomo tu, bila karatasi.

Nilimwendea. Alikuwa ameishi Unguja ujanani, kwa hiyo tulielewana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Nimekuja tubadilishane viwanja. Serikali imenipa kiwanja Ibra, na nimesikia mwanao anafanya kazi huko na hana pa kujenga."

"Chako kizuri, changu kimejaa mabati. Utajitia hasarani."

"Hayo mabati ndiyo ninayoyataka, bibi."

"Kuna mtu unamtafuta?"

"Yupo."

"Basi mimi sitasema kitu."

Hati ilipotoka kwa jina langu, niliandika barua mwenyewe, kwa Kiarabu safi, akaipeleka mwanawe yule bibi: wenye ardhi wanaitaka tupu kabla ya mwezi kwisha.

Siku ya mwisho nilikaa ndani ya teksi upande wa pili wa barabara. Winchi ikainyanyua karavani ya kwanza. Chuma kilikuwa kimeliwa na chumvi ya bahari, sakafu ikabaki chini na kitanda na jiko juu yake. Ya pili vivyo hivyo. Wanunuzi wakamzonga Khalfan, dishdasha lake likachanika begani, akaanguka akakaa mchangani mbele ya watu. Wallahi nilicheka mpaka dereva akaniuliza kama mimi ni mzima.

Kisha nikamwona mke wa mwalimu mmoja wa Kisudani amekaa juani juu ya godoro, na mtoto ambaye hata arubaini hajatimiza. Huyo hakunikosea lolote. Nilimwambia dereva tuondoke. Namwomba Mungu anisamehe kwa ajili yake, si kwa ajili ya Khalfan.

Khalfan hakuinuka tena kibiashara, na mpaka leo anadhani yule bibi ndiye aliyemgeuka.

Mwezi uliopita bintiye alinipigia simu. "Mama mdogo, baba hali yake mbaya. Anasema alikudhulumu karavani zako, anaomba umsamehe kabla hajaondoka. Kila siku anakuulizia." Miaka arobaini nilikuwa nikiyangoja maneno hayo, na mume wangu hakuyasikia.

Wanangu wanasema niende nimsamehe, mengine niyanyamaze. Lakini mimi nataka aujue mkono uliomwangusha. Nataka kuuona uso wake. Nikimsamehe bila kumwambia nitakuwa nimemwongopea mtu anayekufa, na nikimwambia, najijua, nitamwambia kwa furaha.

Ijumaa baada ya sala bintiye anakuja kunichukua. Nyinyi mnaomcha Mungu, na nyinyi mliodhulumiwa kisha mkaitwa waongo ndani ya nyumba zenu, nipeni shauri: nikifika kitandani kwake, niseme au ninyamaze?