Ziwa Lililogeuka

Mimi ndiye niliyeanza kuandika mashairi juu ya maji ya Kivu. Mdogo wangu alikuja nyuma na kisu chake, akawa anachonga ziwa lile lile kwenye ubao, anapaka wino, anakandamiza karatasi, na watu wanashangaa. Mashairi yangu waliyaita mazuri bila kuyamaliza. Wivu ulinila, sifichi.

Kwa ajili ya maonyesho ya parokia, alichonga ziwa na shairi langu chini yake. Nilipouona ubao tu, nikaliona kosa. Kazi hii huchongwa kinyume, kwa sababu karatasi hugeuza kila kitu. Yeye alilichonga ziwa kama tunavyoliona kutoka Bukavu. Kwenye karatasi, Rwanda ingetokea kushoto na milima yetu kulia. Nilinyamaza. Nikasema moyoni, acha naye wamcheke kidogo.

Jumapili baada ya misa, maman mmoja wa Idjwi, kisiwa cha katikati ya ziwa kinachotazamana na Bukavu, alisimama mbele ya picha ile mpaka machozi yakamtoka.

"Hivi njo tunaonaka maji kutoka kwetu," alimwambia mdogo wangu. "Nani alikuonyesha?"

Watu wakajaa, wakamsifu. Shairi hakuna aliyelitazama. Mdogo wangu akanigeukia, na kwa uso wangu akajua kwamba nililiona kosa tangu mwanzo. Hakukasirika.

"Akili yote ilibakia ku shairi yako," aliniambia polepole. "Herufi moja moja, zote kinyume, ili isomeke muzuri. Ziwa nikaisahau."