Ngozi Yangu na Isale Nililolitupa

Wapendwa, ninyi mliozoea benchi hili la kliniki na ninyi mliofika leo kwa mara ya kwanza mmejitanda khanga hadi masikioni, nawasalimu nyote. Naitwa Felista. Nimeombwa nieleze nilivyougua ngozi hadi nikapata nafuu. Nitaeleza, ila nawaonya mapema: habari yangu ya nafuu ni fupi, ya majuto ni ndefu.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Njoro, hapa hapa Moshi mjini. Kabla ya kuugua nilivaa magauni yasiyo na mikono, nilishona sare za shule, na mdomo nilikuwa nao. Kwetu ni Marangu. Kwa mama tulibaki wawili tu, mimi na mdogo wangu Deo, ambaye nimembeba mgongoni mpaka akachoka yeye kubebwa. Deo ndiye aliyerithi kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa. Mimi nilirithi ukali wa mama.

Mama alipofariki, Deo aling'oa mibuni yote ya mama ya upande wa juu, apate mahali pa kupanda majani ya ng'ombe. Hakuniuliza. Nilipanda Marangu siku niliyosikia, nikamtukana mbele ya mkewe, nikamwambia amemzika mama mara mbili.

Ilipofika misa ya kumwombea mama, ndugu wote wakiwa wamekaa uani, Deo akaja mbele yangu na isale. Kwa mliotoka mbali, isale ni lile jani refu la kijani tunalolipanda mipakani na makaburini. Mchagga akikukosea kisha akakuletea isale, unasamehe. Hata kama ni damu imemwagika, unasamehe. Deo alilishika kwa mikono miwili, baba mdogo akiwa nyuma yake.

"Dada, nimekosa," akasema. "Pokea."

Nilipokea. Kisha nikalitupa kwenye mfereji unaopita nyuma ya nyumba, maji yakaondoka nalo.

Baba mdogo akashika kichwa. "Ruwa wangu, Mungu wangu! Felista, umetupa isale? Hili litakurudia wewe."

Miezi minne baadaye kiwiko changu cha kushoto kikaanza kuwasha. Paliota doa jekundu lenye magamba meupe, nikikwangua linatoka damu. Likaja goti, likaja kiunoni, likaja kichwani. Nikichana nywele, mabega yanakuwa meupe kama ya mtu aliyetoka kusaga unga. Nilikuwa nashona sketi za shule za rangi ya bluu nzito, na magamba yakidondokea juu yake yanaonekana toka mlangoni. Nikawa nafuta kila sketi kwa kitambaa kibichi kabla ya kupiga pasi. Siku moja mama mmoja akaichukua sketi ya mwanawe kwa vidole viwili, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo. Hakurudi tena, na wenzake nao wakapungua.

Viganja vikapasuka. Kushika sindano ikawa adhabu. Asubuhi shuka lilikuwa limegandana na miguu, nalilowanisha kwa maji ya uvuguvugu ndipo libanduke, na mara nyingi lilibanduka na ngozi. Mtu anayeniambia eti ni kuwashwa tu, huwa natamani alale kwenye shuka lile siku moja.

Sikuwaza hospitali. Niliwaza isale. Kila doa lililoota nililiona ni lile jani limerudi. Na dawa ya laana hiyo naijua, kila Mchagga anaijua: nichume isale mwenyewe, nipande nalo Marangu, nimpe Deo. Lakini kiburi kikaniletea maelezo mengine. Nikajiambia Deo alilinenea maneno jani lile kabla ya kunipa. Sikuishia kujiambia. Niliyasema kwenye soko la Kwa Sadala nilikokuwa naenda kununua vitambaa, tena kwa sauti: "Mdogo wangu ameniroga." Maneno hayana breki. Yalifika Marangu kabla ya wiki kwisha.

Deo hakuja kugombana. Alimtuma mkewe, wifi yangu Mama Glory, anipigie simu. "Anasema hamjui mganga hata mmoja," wifi akaniambia. "Anasema anakungoja." Nikakata simu.

Akaningoja miaka minne. Katika miaka hiyo nilipaka shubiri, nikapaka oili chafu ya gereji, nikapaka maji ya betri. Ya betri yameniachia kovu hili la mguuni, mnaliona. Halafu nikauziwa krimu kwenye kopo lisilo na maandishi, duka la vipodozi. Jamani, ile krimu! Ndani ya wiki mbili nilikuwa na ngozi ya mtoto. Nikavaa tena gauni lisilo na mikono, nikatangaza kwamba laana ya Deo imeshindwa. Baada ya miezi mitatu krimu ikaisha, na muuzaji amehama.

Ugonjwa ulirudi kwa hasira. Nilikuwa mwekundu toka shingoni hadi nyayoni, ngozi inabanduka vipande vipande, miguu imevimba. Nilitetemeka kwa baridi saa saba mchana, jua la Moshi la Januari linapasua bati. Jirani yangu Bi Mwanaidi ndiye aliyenikuta sakafuni kando ya cherehani. Watu wengine walishaacha kunipa mkono. Yeye alivua khanga yake akanifunika, akaniinua kwa kwapa.

"Wewe Felista, tangu lini laana ikaleta homa? Inuka, twende hospitali."

Nililazwa. Daktari wa ngozi alikuwa binti mdogo, ningeweza kumzaa. Alinigeuzageuza, akatazama kichwani, akatazama na kucha, zimejaa vishimo ambavyo mimi mwenyewe sikuwahi kuvitilia maanani. Akasema, "Mama, huu ugonjwa unaitwa soriasisi. Haumwambukizi mtu. Na hakuna aliyekuletea."

"Daktari, nilitupa isale."

Hakunicheka. "Mimi ni mtu wa Machame, isale nalijua. Isale halioti magamba, mama. Kinga ya mwili wako inaisukuma ngozi iote haraka kupita kiasi. Hautaisha kabisa, lakini tutautuliza. Na ile krimu ya kopo, uliipaka kiholela ukaiacha ghafla, ndiyo iliyokuangusha." Kisha akauliza, "Nyumbani kuna mwingine mwenye hali hii? Mara nyingi inatembea kwenye ukoo."

Nikasema hakuna. Baadaye, peke yangu kitandani, nikakumbuka viwiko vya marehemu baba. Vilikuwa vigumu, vyeupe, na sisi tulidhani ni jembe.

Nilipewa dawa ya kupaka asubuhi na jioni, mafuta mazito ya kupaka mara nikitoka kuoga ngozi ikiwa bado mbichi, na vidonge vya mara moja kwa wiki, huku wakinipima damu visije vikaniumiza ini. Nilizifuata kama amri za Mungu. Asubuhi moja niliamka, nikaketi kitandani, na shuka likabaki kitandani. Halikunifuata. Nililia kwa furaha mpaka Bi Mwanaidi akaja kugonga akidhani nimefiwa.

Siku ile ndiyo ningepanda Marangu. Nilishajua Deo hana kosa. Lakini mtu uliyemwita mchawi sokoni unamwendea na uso gani? Nikasema nitangoja Krismasi. Krismasi Wachagga wote tunapanda nyumbani, kuna nyama, kuna pombe ya mbege, aibu yangu ingejificha katikati ya watu. Nikamshonea shati jeupe la mikono mirefu, kwa vipimo vya kumkumbuka. Nikalipiga pasi nikalikunja. Kila nikipita nalitazama.

Novemba Mama Glory akapiga simu. Deo alikuwa anakata majani ya ng'ombe, presha ikapanda, akaanguka palepale ilipokuwa kahawa ya mama. Hawakuwahi kumfikisha hospitali.

Nilipanda na shati. Walimvalisha, likampwaya. Alikuwa amekonda na mimi sikuwa na habari. Nikachuma isale kwenye uzio, nikamwekea mikononi kabla ya jeneza kufungwa, nikamwambia, "Deo, nimekosa. Pokea." Baba mdogo alisimama kando yangu analia, wala hakunikumbusha lolote. Nilitamani angenikumbusha.

Tulipomaliza kuzika, wifi akaniita chumbani. Akanipa kofia ya sufu ya Deo. Watu walisema hakuivua kwa miaka, hata kanisani alibaki nje ili asiambiwe aivue. Nikaigeuza. Ndani ilikuwa imejaa magamba meupe, sawasawa na yangu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu ule mwaka wa isale. Kichwani na mgongoni. Alisema ni kahawa ya mama inamlipizia. Nilimwambia aje kwako muugue pamoja, akakataa. Alisema ukimwona hivyo utafurahi."

Ndugu zangu, dawa yangu ya kupaka ilikuwa kwenye mkoba, begani. Nilikuwa nimeifungua asubuhi ile ile. Ningeweza kumpaka mdogo wangu mgongo karibu mwaka mzima, nami nilikuwa nangoja Krismasi. Sijapata maumivu ya ngozi yaliyofika pale.

Basi namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari na wauguzi, namshukuru Bi Mwanaidi na khanga yake. Ushauri wangu hauna mapambo. Msipake kitu kisicho na jina. Mkipewa dawa msiache kwa sababu mmependeza. Na mkirudi nyumbani leo, waulizeni ndugu zenu wana nini chini ya kofia na chini ya khanga, hasa wale msioongea nao.

Binti yake Deo, Glory, alianza kupata doa nyuma ya sikio mwezi uliopita. Nilimshusha Moshi siku ile ile, sikungoja hata Jumapili. Yuko pale mstari wa nyuma, ananikasirikia kwa kumtaja. Jana nilikuwa nampaka dawa, nimemgawanya nywele, akaniuliza, "Shangazi, baba naye alikuwa anaumwa hivi hivi?"

Nikamwambia ndiyo.

Akageuza shingo anitazame. "Sasa yeye alikuwa anapakwa na nani?"

Nikaendelea kumpaka.