Dudu wa Kibla Ndani ya Beseni la Matembele

Siku hizi nakaa mjini Chake, gorofani kwa binti yangu, na shamba nililobakiwa nalo ni beseni bovu kibarazani nililopanda matembele. Asubuhi moja nikakuta majani yameliwa, imebaki mishipa mitupu. Nikapekua. Kiwavi, kijani, mnene kama kidole gumba, ana pembe mkiani. Nikavua ndara.

"Usimuue, bibi! Ngoja nimpige picha kwanza!" Mjukuu wangu huyo wa kike, na simu ya mama yake mkononi.

"Piga upesi. Anakula mboga yako huyo."

Akapiga kachuchumaa, akapiga kalala kifudifudi, mpaka mpita njia kule chini akauliza kama kuna harusi. Halafu akanigeukia: "Akishashiba, bibi, anakuwa nini?"

Ndara ikanibaki mkononi. Maana swali hilo, mwenzangu, nililiuliza mimi nikiwa mdogo kuliko yeye, na nimezeeka sijalipatia jibu.

Kwetu ni Vitongoji. Msimu wa viazi vitamu tukichimba nyuma ya bibi yangu, watoto wa kike watupu, udongo umetujaa kuchani, na viazi vingine vimefukiwa kwenye moto wa makumbi ya nazi vinanukia hata huwezi kuinama sawasawa. Mara jembe linafukua dudu wa kahawia, mgumu, hana miguu, ana kitu kimejikunja mfano wa mkono wa birika. Tukimwita dudu wa kibla. Unamshika kichwani unamuuliza, "Dudu, dudu, kibla wapi?" Naye anapinda mkia, anaonesha. Wangu mimi alionesha baharini.

"Huyo wako hasali!" shoga yangu akanicheka, tukashikana nywele. Mwalimu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani, akapata habari. "Kibla mnakijua, kila siku mnakielekea. Dudu mnamuuliza nini?"

Lakini mimi sikuwa na haja ya kibla. Nilitaka kujua mle ndani yumo nani anayejipinda. Nikimuuliza bibi, hunambia, "Chimba, wee!" Basi nikamficha mmoja ndani ya kifuu chenye udongo, nikamtia uvunguni, nikawa namchungulia. Kuku wa bibi akaingia akammeza. Nililia siku ile! Bibi akasema, "Kuku kashiba, wewe unalia nini?"

Nikaivaa ndara yangu. "Mwache ale," nikamwambia mjukuu wangu. Mama yake akanitazama kama nina homa. Nikawa nanunua matembele sokoni, mimi! Kiwavi akala hata akachoka, akajifukia udongoni, mle mle anamokaa dudu wa kibla. Nikapiga marufuku mtu kugusa beseni. Mtoto akirudi skuli anapiga picha udongo mtupu.

Alitoka jioni moja, mtoto yuko chuoni. Udongo ulifumuka, akapanda ukutani kitu kimekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Nikavuta kiti. Mbawa zikajinyoosha polepole, za rangi ya jivu, na ubavuni mwa tumbo mistari ya waridi, mizuri, sijui ya kumpendezea nani. Simu ilikuwa mezani, sikuikumbuka. Akatetemeka, akatetemeka, akaruka juu ya mabati ya jirani, basi.

"Ulimpiga picha, bibi?"

"Nilikuwa namtazama."

Akaninunia. Chakula hakula vizuri. Baadaye akaja mwenyewe kunikalia ubavuni. "Alikuwaje?" Nikamweleza.

"Waridi? Bibi, wanidanganya!"

Mtoto akinambia hivyo hupata jibu lake, lakini safari hii sikumgombeza. Ushahidi wake ni mdomo wangu tu. Sisi wa kule kondeni nasi hakuna aliyetupiga picha. Konde lenyewe limejengwa nyumba, wenzangu wamekwenda mmoja mmoja. Kabaki shoga yangu yule, ndiye peke yake anayejua kuwa na mimi niliwahi kuwa mtoto. Idi iliyopita nilikwenda kumtazama. Alinipa mkono vizuri, akanikaribisha uji, akaniuliza mimi mtoto wa nani.