Marashi ya Kuongezwa Maji

Yule mzee wa marashi ya zamani, katika soko la Jumapili la kituo cha treni cha Gare du Midi, huku ughaibuni, hapulizi marashi hewani kamwe. Hung'oa kifuniko cha kioo kwa vidole vyake vinene, akakipitisha chini ya pua yako, kisha akakirudisha upesi kama anayefunika chungu mvuke usitoroke. Ukimuuliza swali hukohoa kwanza. Anachokichukia ni tabia yetu Wakongomani ya kuongeza maji chupa ikikaribia kuisha. "Muntu wa kutia mayi mu parfum, aende auzishe supu!" hufoka, hata kwa mteja anayepita tu.

Jumapili iliyopita Mignonne, jirani yangu wa Anderlecht, alimwomba marashi ya Kifaransa aliyokuwa akijipaka marehemu mama yake kule Bukavu. Kiwanda kiliacha kuyatengeneza zamani. Mzee akatoa chupa yake ya mwisho, iliyoviringishwa ndani ya soksi. Mignonne akanusa, akatikisa kichwa.

"Haiko hii, papa. Ya maman..." Akaona haya. "Maman alikuwa anaongezaka mayi, juu isiishe mbio."

Mzee akakohoa. Akainama chini ya meza, akaibuka na chupa yake ya maji ya kunywa.

"Bon," akasema. "Matone ngapi?"